Risasi Sita za Mama Yusta

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye ofisi ya bastola zilizostaafu, nikajibu malalamiko. Barua ya wito niliipokea kwa jogoo, nikasaini kwenye daftari lake, na wala sikushangaa.

Kwanza nijieleze. Naitwa Ndunguru, mtafsiri wa filamu katika banda la video hapa Mbinga. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya skrini na kipaza sauti; filamu inakwenda, mimi nawaambia watu kwa Kiswahili wanachosema waigizaji. Kiingereza ninacho cha kutosha. Kikorea na Kichina nabahatisha. Pale nisipojua, najaza, kwa sababu mtafsiri akinyamaza anapigiwa miluzi.

Siku kumi na mbili zilizopita nilijaza vibaya. Kwenye filamu kulikuwa na mwanamke ameelekezewa rivolva kifuani, ile bastola ya zamani yenye gurudumu la matundu sita. Analia huku anaongea, na lugha yenyewe siijui hata salamu. Akaongea dakika nzima. Mimi maneno ya mwanamke anayelia niliyokuwa nayo ni ya mke wangu tu, aliyoniambia kitandani wiki hiyohiyo, basi nikayatumia. "Watu wote wanapata sauti yako," nikasema kwenye kipaza sauti, nimeibana sauti iwe nyembamba, "mimi napata kukoroma tu." Banda zima likaangua kicheko. Spika yetu ya nje inatazama kibaraza ambako mke wangu, Mama Yusta, anashona nguo.

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Chakula naandaliwa, shati linapigwa pasi, neno sipati. Kwamba Jumamosi anakwenda kwa dada yake Songea na hajui atarudi lini, nilisikia akiiambia cherehani yake. Jana ilikuwa Ijumaa. Nililala na hofu, sioni haya kusema.

Sasa ndoto yenyewe.

Ofisini kuna benchi refu na rivolva wamekaa wakisubiri zamu. Wa kwanza ana kizunguzungu. Ndiye yule wa filamu ambazo watu wanaweka risasi moja, wanazungusha gurudumu, halafu wanapokezana kujaribu bahati. "Usiniulize iko tundu gani," ananiambia. "Miaka yote ile nami nilikuwa sijui." Wa pili amelala ndani ya kitabu kilichochimbwa katikati, anaomba asisumbuliwe. Wa tatu kila baada ya muda anajizungusha mara tatu hewani na kurudi kwenye mkoba wake. Anasema daktari amemwambia ni mazoea ya kazi, hayana dawa.

Nyuma ya kaunta yuko rivolva mzee, mpini umepauka, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, bibi," nasema.

"Marahaba. Mtafsiri ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi nina matundu mangapi?"

"Sita, bibi."

"Na kwenye ile filamu ya treni ulisema nimepiga risasi ngapi?"

"Nilisema thelathini. Lakini hata kwenye picha zilikuwa nyingi."

"Zilikuwa kumi na nne. Waliotengeneza wameshaandikiwa barua na wamejibu vizuri. Hizo kumi na sita nyingine ni za kwako."

Yeye akafungua faili, akalamba kidole ambacho hakuwa nacho, akaanza kusoma historia yake ya kazi. Amepiga kufuli za milango mara arobaini. "Umewahi kupiga kufuli risasi?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Haifunguki. Inaharibika zaidi, na mlango unabaki palepale. Lakini kwenye filamu unafunguka, na sifa anapewa aliyenishika." Amekata kamba ya mtu anayenyongwa, kwa umbali wa shamba zima la kahawa. Amemvua mtu kofia bila kumgusa unywele. Kila akiishiwa risasi, stelingi huyohuyo, yule shujaa wa filamu aliyeokolewa naye, anamrusha kumpiga adui usoni kama kandambili.

"Hayo nimevumilia," akasema, "ni kazi. Ila siku ile nimeelekezwa kwa yule mama, sikulia hata mara moja. Mimi kimya, anayenishika kimya, yeye peke yake anasema. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Wewe ukaitia kicheko."

"Kwani alikuwa anasema nini?"

"Sijui. Lugha yake siijui. Ndiyo maana nilinyamaza."

Akanielekeza kwa mdomo wake ukutani. Pale juu ametundikwa rivolva mweusi kwenye msumari. "Huyo alitundikwa hivyo filamu nzima," akasema. "Hakufyatuliwa. Watu walimtazama saa mbili roho juu, wakaenda nyumbani wakimzungumzia yeye. Ndiye mkuu wetu." Nikamsalimia mkuu. Hakuitika, na nadhani ndivyo alivyopata cheo.

Halafu ikasomwa adhabu. Saa sita mchana nitakutana na mke wangu barabarani mbele ya banda, kila mtu na rivolva yake.

Hapo nikapata nguvu kidogo, maana kila mteja wa banda anajua kwamba stelingi hafi. Nikauliza kama stelingi ni mimi. Bibi akapitisha macho kwenye orodha.

"Stelingi ni Mama Yusta. Wewe umeandikwa mwanamume wa pili kuanguka."

"Wa kwanza ni nani?"

"Hajafika."

Akanikabidhi rivolva ndogo, ya moto kama imetoka mfukoni mwa mtu. "Maneno yako yamo humu," akasema. "Neno moja, tundu moja. Mkeo naye ana yake. Yakiisha hakuna kuongeza."

"Sita tu?" nikasema.

Pah. Pah. Karatasi mbili zikatoboka juu ya kaunta.

"Bado manne," akasema Bibi, hata macho hakuinua.

Natoka mlangoni, na mlango unatokea katikati ya Mbinga. Mtaa ni uleule, ila mchanga wa jangwani umemwagwa juu ya kahawa iliyoanikwa, na jua liko utosini. Jirani yangu amekaa kizingitini anakula muhogo. "Za leo?" anasema. Mtu amekusalimia, utampita kama ng'ombe? "Nzuri," nikajibu. Pah. "Karibu muhogo." "Ahsante." Pah. Jirani akaendelea kula, moshi ukimpita puani.

Nikabana midomo kwa vidole. Akaja farasi amevaa kizibao cha bodaboda.

"Bosi, wapi tukupeleke?"

Nilitaka kumwonyesha kwa kidole, lakini vidole vilikuwa midomoni, nikavitoa, na mdomo ukapata nafasi. "Bandani," ukasema. Pah.

Limebaki moja. Nikiwa juu ya farasi nikaliwekea nadhiri: hili ni la "samahani", na kabla ya hapo hata nyoka akiniuma sipigi kelele. Niliona aibu pia. Siku kumi na mbili nilikuwa na maneno bila idadi, na hilo moja sikulitoa.

Mbele ya banda madirisha yanajifunga yenyewe. Fungu la majani makavu linabingirika kukatiza barabara, linasimama, linaomba radhi kwa kuchelewa, linaendelea. Wateja wangu wote wamebeba mabenchi wakayapanga nyuma yangu katikati ya njia. Kuna mluzi mrefu wa huzuni unasikika, na nikigeuka naona ni cherehani ya mke wangu ndiyo inayoupiga.

Mama Yusta amesimama hatua thelathini kutoka nilipo. Futi ya kupimia iko shingoni, rivolva imechomekwa kwenye pindo la kanga. Gurudumu lake limejaa, maana hajatumia hata moja. Sijawahi kumwona amesimama wima namna ile, na nikakumbuka kwamba miaka yote ninamwona ameinamia nguo za watu.

Tunatazamana. Katika filamu hapa huwa nasema, "Sasa ndugu watazamaji, macho kwa macho, patachimbika." Nikafungua mdomo polepole nitoe lile moja.

"Ndunguru," akauliza mtu wa benchi la mbele, Nchimbi fundi baiskeli, ambaye hajawahi kumaliza filamu bila kuuliza nani ni nani, "huyo mama ni nani humu?"

Miaka kumi na moja nimemjibu Nchimbi kila akiuliza. Ulimi haukunisubiri.

"Stelingi," nikasema.

Pah.

Mama Yusta akanitazama, na usoni pake kukapita kitu ambacho sikukiona tangu tuanze kununiana. Sitasema kilikuwa nini. Nikafungua mdomo tena nilete samahani yangu, nikasukuma kwa nguvu zote.

Tik.

Ndivyo inavyolia rivolva tupu: kidogo, kikavu. Bandani nikiisikia huwa nawaambia watu kwamba bastola imekwama, kwa kuwa sipendi waone stelingi wao hakuhesabu. Nikajaribu tena. Tik. Kwa taratibu za filamu ilibaki nimrushie usoni. Nikainama, nikailaza mchangani.

Yeye akachomoa ya kwake. Hakuwa na haraka, alichomoa kwa mwendo anaovutia uzi akitaka mshono usijikunje.

"Leo," akasema. Likanipata begani.

"Usiende." Kifuani.

"Bandani." Kifuani tena, palepale.

"Kaa." Tumboni.

"Tunywe."

Akatazama gurudumu lake mara mbili. Lilikuwa limebaki moja, nami nikaona kumbe naye alikuwa anaogopa.

"Chai."

Nyuma yangu mabenchi yote yakapiga kelele. "Amesemaje? Mtafsiri, amesemaje?" Alikuwa amesema Kiswahili, Kiswahili cha kila siku, lakini wameshazoea kuambiwa na mimi. Wakaanza miluzi. Mmoja akadai arudishwe mlangoni aingie upya, labda ataelewa. Sikuwa na neno hata la kuwanyamazisha, na hata ningekuwa na risasi thelathini nisingewapa. Yale maneno yalikuwa yangu. Tangu nianze kazi hii sikumbuki lini niliambiwa kitu nikabaki nacho.

Nchimbi akapiga mluzi mkubwa kuliko wote, benchi likamshinda, akaanguka chali. Huyo akawa wa kwanza. Zamu yangu ikawa imefika.

Nikaanguka kama wanavyoanguka wao, taratibu, mikono juu, bila sababu ya kuchukua muda wote ule. Nikapasua kioo cha duka ambalo Mbinga halipo, nikatumbukia pipa la maji, nikapita chini ya pipa, nikatua kitandani kwangu.

Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi.

Nje kulikuwa kumepambazuka kabisa. Basi la kwanza la Songea linaondoka saa kumi na mbili, na saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo. Nililala pale nikaitazama ile saa, nikiwa na maneno yote niliyozaliwa nayo, na sikuwa na wa kumwambia hata moja. Halafu nikasikia mfuniko wa sufuria jikoni.

Nilikimbia bila viatu. Mama Yusta alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, vikombe viwili mbele yake, kimoja kina chai na kingine bado.

"Mama Yusta," nikasema, na hapo sikuongeza wala kupunguza, "samahani. Yale maneno uliniambia mimi. Niliyatoa nje watu wakayacheka. Nilikosa."

Akachukua sufuria, akajaza kile kikombe cha pili, akaisogeza sukari upande wangu. Kisha akafungua kinywa anijibu.

Tik.

Akashtuka, akajishika koo. Akakohoa kidogo, akajaribu tena, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, nikasikia vizuri. Tik.

Akakivuta kigoda cha pili kwa mguu, akakiweka karibu na chake. Nikakaa.