Goti la Jepkemei

Jumamosi saa nane mchana, Jepkemei alikaa kwenye benchi la simiti kando ya uwanja wa mpira wa kikapu mjini Nakuru, akalifunga goti lake la kulia kwa kipande cha blada ya baiskeli. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameichezea timu ya kampuni ya unga, na kama wachezaji wenzake wote, katikati ya wiki alibeba magunia ghalani kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Goti lilihitaji upasuaji. Kampuni iliwatibu walioajiriwa kwa kudumu, na barua ya kudumu yeye alikuwa hajaiona hata kwa ndoto.

Robo ya pili aliruka, akaunyakua mpira uliogonga ubao, akampasia mwenzake, na hakushuka.

Haikuwa mara ya kwanza. Msimu uliopita alikawia juu muda wa mtu kufunga kamba za viatu; mwezi wa tatu alipitisha mapumziko yote hewani. Kutua ndiko kulikomuumiza, na goti lilikuwa limechoka kuumia. Refa alitazama juu, akatazama mstari, akaruhusu mchezo uendelee.

"Jepkemei, shuka basi, nataka kufanya sub," kocha Maina akaita.

"Nikishuka litauma, coach. Wacha nipumzike kidogo."

Mechi iliisha, watu wakaenda zao. Jepkemei alibaki pale, miguu juu ya usawa wa vichwa vya watu, mkono mmoja kwenye ubao. Alikuwa amechoka, lakini hakuna kitu kilichomuuma, na hilo lilimtia hamu ya kulia.

Jumatatu wenzake walimvuta kwa kamba hadi ghalani, maana zamu ni zamu. Kampuni nayo haikulala. Alibadilisha balbu, akaondoa viota vya njiwa chini ya mabati, akapanga magunia ya juu bila ngazi. Jumamosi alivutwa tena uwanjani. Timu iliendelea kufungwa vilevile.

Mwezi wa saba akaandika barua kuomba atibiwe goti, apate kushuka. Jibu lililetwa na Gachanja, afisa wa wafanyakazi, limefungwa kwenye mpini wa ufagio.

"Madam, mkubwa anasema operesheni ni ya mtu anatumia goti. Wewe saa hii hulitumii."

"Nataka kushuka niende kwetu Subukia, boss. Mamangu hajanishika mkono tangu Aprili."

"Nakuelewa kabisa. Sign hapo chini."

Ulikuwa mkataba mpya, wa miezi mitatu. Jepkemei aliuweka juu ya gunia, akatia sahihi, akaufunga tena kwenye ufagio. Kalamu ikamponyoka, ikafika sakafuni bila kuumia. Aliitazama kwa muda. Gachanja akaiokota, akaitia mfukoni, akaenda kula.