Propela Iliyopakwa Rangi
Mume wangu na uchafu hawapikiki chungu kimoja. Hata jembe hulifuta kabla ya kuliegemeza ukutani. Kwa hiyo alipoamua kubadilisha krosi ya propela ya lori letu mwenyewe, pale uani, nilijua kazi itakuwa safi. Kama itakuwa sahihi, hilo nilimwachia Mungu.

Fundi wa malori tunaye, tena wa damu: dada yangu mkubwa. Mume wangu hakumwita kwa sababu aliogopa utani wa shemeji yake. Akajilaza chini ya lori, akaifungua propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma, akatia krosi mpya, kile chuma cha msalaba kinachoiunganisha, akarudisha. Tukatoka kujaribu. Lori lilipochanganya mwendo tu, sakafu ikaanza kutetemeka na ngurumo ikapanda mpaka meno yangu yakagongana.

Akaegesha pembeni. Uso ulikuwa umemshuka.

"Difu imekufa," akasema, yaani zile gia za ekseli ya nyuma. "Nyingine hatuwezi kuinunua. Itabidi niikubali ile kazi."

Ile kazi niliijua. Ni kuendesha malori ya masafa, miezi barabarani, siku chache nyumbani. Aliwahi kuifanya, na ikafika mahali watoto wakimwona mlangoni wanamletea kiti kama mgeni. Tulinunua hili lori kuukuu ili aachane na maisha hayo. Tajiri wa kampuni alikuwa anasubiri jibu siku hiyohiyo. Nilishikwa na hofu, na mimi nikishikwa na hofu huwa mkali. Nikampigia dada pale pale, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Dada akaja na ovaroli yake, akapanda katikati yetu.

"Shemeji, mficha uchi hazai," akasema. "Haya, endesha."

Ngurumo ilipopanda, akamwambia atoe gia, aliache lori liteleze. Ikaendelea vilevile.

"Basi injini haimo. Rudisha gia. Kanyaga mafuta. Sasa achia."

Mume wangu akakanyaga, akaachia. Sauti haikubadilika, ilifuata mwendo wa lori tu.

"Difu ikiharibika, ukikanyaga inalia hivi, ukiachia inalia vingine," dada akasema. "Hii haijali mguu wako. Turudi nyumbani."

Nilitaka kumwamini, ila moyo ulikataa kutulia.

Uani akaingia chini ya lori na tochi. Kisha tukasikia kicheko.

"Shemeji, nani kampamba bibi harusi huku?"

Propela ilikuwa inang'aa. Mume wangu alikuwa ameiosha kwa mafuta ya taa, kisha akaipaka rangi ya fedha, tena mara mbili.

"Hii ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno," dada akasema. "Kabla ya kuvichomoa unaweka alama huku na huku, ili virudi vilivyokuwa. Alama yako iko wapi?"

"Niliweka. Kwa chaki."

"Halafu?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Halafu nikaosha."

Nilitaka kumrukia na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Dada alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu. Akatuonyesha: masikio ya mbele yanayoshika krosi yalitakiwa kulala sambamba na ya nyuma, lakini yalikuwa yamegeukia pembeni. Kwa hiyo kila propela ilipozunguka, ncha moja ilikuwa inagombana na ya pili. Wakaichomoa, wakaisogeza meno kadhaa, wakafunga tena. Safari hii dada alikwaruza alama kwa patasi.

Tukarudi barabarani. Lori likachanganya, likapita pale lilipoanzia kunguruma, likapita na zaidi. Tulisikia upepo dirishani na injini tu.

Mume wangu akaegesha, akatoa simu.

"Mzee, shikamoo," akasema. "Nashukuru sana kwa nafasi. Lakini sitakuja. Nabaki nyumbani."

Nililia, tena bila kujificha. Dada, ambaye tangu utotoni hajawahi kuniona nikilia asinicheke, alichomoa kitambaa mfukoni mwa ovaroli akanipa. Kilikuwa kimejaa grisi. Nikajifutia nacho uso wote, na mume wangu akaniangalia bila kusema chochote kuhusu uchafu.