Mzee Maeng Alisema Pamepoa

Baridi ya Hanbaek haina adabu. Mji umekaa bondeni, milima imeuzunguka kama watu waliozunguka sufuria, na moshi ukitoka kwenye nyumba hauna pa kwenda. Unalala palepale juu ya mapaa, mpaka nguo uliyofua jana inanuka makaa ya mawe leo. Lakini asubuhi ile ya kikao cha baraza, Maeng Se-ryeong alipanda ngazi za ofisi ya mji na jasho linamtoka mgongoni, na nje theluji inaanguka.

Huyu Se-ryeong ndiye mkuu wa dawati la majengo, na ile sera mpya ya ujenzi aliiandika yeye. Maneno yake yalikuwa mengi, ila ukiyakamua yanabaki machache. Mtu akijenga nyumba mpya, au akivunja ya zamani kuitengeneza, kuta zijazwe vizuri joto lisitoroke, madirisha yawe ya vioo viwili, na joto la ndani litoke kwenye mashine ya umeme. Zile sakafu za mawe ambazo moto unawashwa jikoni na moshi unapita chini ya chumba, hakuna kibali kipya. Makaa basi, kuni basi, mafuta ya taa basi. Mji upunguze moshi wake, na dunia nayo ipate nafuu kidogo.

Watu wakasema anatafuta cheo. Wengine wakasema amesoma sana mpaka amesahau baridi ni kitu gani. Yeye alinyamaza, maana sababu yake haikuwa ya kusema mbele za watu. Sababu yake ilikuwa baba yake.

Msimu wa baridi uliopita alikwenda asubuhi kumpelekea mzee kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili. Aligonga, kimya. Akaingia, akamkuta Mzee Maeng Pal-bong amelala kwenye kile kipande cha sakafu kilicho karibu na moto, pale penye joto kuliko pote, uso mwekundu kama mtu aliyeshiba pombe, anakoroma vibaya. Se-ryeong alijua palepale. Sakafu ilikuwa na ufa, na gesi ya makaa ilikuwa inapanda taratibu tangu usiku. Alimshika mzee miguu, akamburuta mpaka uani kwenye theluji, akampigapiga mashavu huku analia na kumtukana. Mzee alipofumbua macho, neno la kwanza halikuwa asante. Alisema, "Waambie nililewa."

Unaona, ile sakafu alikuwa ameiziba nyufa mwenyewe kwa udongo, na pale kwenye nyumba ya wazee, wanapokutana mchana kupiga soga, alikuwa anajisifia kwamba Hanbaek nzima hakuna sakafu kama yake. Afadhali aonekane mlevi kuliko sakafu yake isemwe. Akamwapisha binti, na binti akaapa. Mji ukasikia kwamba Maeng alikunywa pombe ya mchele mpaka akazima, na rafiki yake Bang akapata utani wa mwaka mzima. Kila akimwona anamuuliza, "Leo umelala ndani au nje?" Mzee anacheka, anameza.

Halafu akarudi kulala juu ya sakafu ileile. Alikandika udongo tena, ukapasuka tena. Se-ryeong alibembeleza, akagomba, akanuna, wapi. Mwishoni mzee alichoka na kelele, wakawekeana sharti. Mji ulikuwa umejenga nyumba moja ya majaribio nyuma ya nyumba ya wazee, kwa kufuata ile sera mpya. Mzee atakwenda kulala humo siku kadhaa. Na baraza likipitisha sera, Se-ryeong avunje sakafu, mzee hatasema neno. Likikataa, mzee arudi kwa moto wake, na binti asimfungulie mdomo tena maisha.

Kwa hiyo mwenzangu, madiwani walipokuwa wanavuta viti na kufungua chupa za maji, wao walidhani wanapigia kura kuta na madirisha. Se-ryeong peke yake ndiye alijua wanampigia kura baba yake.

Alisoma taarifa yake vizuri tu. Madiwani wakauliza maswali ya kawaida. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nyuma na wenzake wa nyumba ya wazee, makoti mazito, kofia magotini, Bang pembeni yake.

Ndipo akasimama diwani Tak Chang-gyu. Huyu Tak hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa nyumba kabla ya siasa, na nusu ya mtaa wa juu ameujenga yeye. Alizungumza kwa upole. Akasema mashine ni mashine, theluji ikikata nyaya, bibi aliyeko kule juu mlimani atakumbatia nini? Akasema moto umewalea watu wa hapa tangu babu za babu zao. Watu wakawa wanatikisa vichwa kukubali, na Se-ryeong naye, moyoni, aliona swali la nyaya ni swali la haki, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa jembamba.

Kisha Tak akatoa simu. Akasema siku madiwani walipokwenda kukagua ile nyumba ya majaribio, yeye alikuwa anapiga picha za video za madirisha, na kumbe simu imenasa kitu kingine kutoka chumba cha pili, mlango uko wazi kidogo. Akaisogeza kwenye kipaza sauti.

Kwanza ikasikika mikwaruzo, na nyayo za mtu. Halafu sauti ya mzee, inavuta pumzi ndefu kama gunia linashushwa chini.

"Aaah. Pamepoa."

Ukumbi mzima ulijua sauti ya nani. Tak akaizima simu. "Mheshimiwa mwenyekiti, hilo sijasema mimi. Ni baba mzazi wa mwenye sera."

Kicheko kikapita kama upepo, kikafa haraka. Maana neno lile kwa watu wa Hanbaek lina sura mbili, na kila mtu pale alizijua zote. Maji ya mtoni yamepoa, sawa, ni baridi. Lakini mzee akinywa supu inayochemka mpaka ulimi unaungua, anasema imepoa. Akiingia kwenye bwawa la maji moto mpaka shingoni, ngozi inawaka, anasema pamepoa, na mtoto mjinga akimfuata anatoka mbio. Ni neno la mtu aliyepata unafuu. Kwa hiyo mzee kalala kwenye nyumba ya mashine, kasema pamepoa. Ni baridi, au ni raha?

Mwenyekiti, Bibi Pyo, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, akasema mwenyewe si yupo, aulizwe.

Mzee Maeng aliinuka polepole. Se-ryeong akamwangalia, na akaona kitu ambacho hakukipenda. Mzee alikuwa ameona mlango wa kutokea. Akisema tu kwamba ni baridi, sera imekufa, sharti limekwisha, anarudi kwa moto wake leoleo na heshima yake yote.

"Mzee wetu," Tak akasema, "hatukulazimishi. Ulisikia baridi, si ndiyo?"

Mzee akakuna kidevu. Akasema hakumbuki vizuri. Bang akamnong'oneza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwamba siku hiyo labda alikuwa amekunywa. Wazee wakacheka.

Bibi Pyo akamgeukia Se-ryeong, akamuuliza kama ana la kuongeza. Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa mdomoni. Angelisema lile tu, la ufa na gesi na kuburuta miguu, hakuna mkono ambao ungebaki chini. Alisimama. Akamtazama baba yake, na mzee akamtazama, na mikono ya mzee ilikuwa inaikunja kofia kama mtu anakamua nguo.

"Ni baba yangu," akasema. "Neno ni lake. Muulizeni yeye." Akakaa.

Mzee Maeng hakukaa. Akamgeukia Tak.

"Diwani, mama yako alikuwa analala upande gani?"

"Upande gani wa nini, mzee?"

"Wa chumba."

Tak akaangalia simu yake. "Upande wa mbali," akasema mwishowe.

"Na mke wangu naye."

Basi hapo ndipo mzee akaanza kueleza, na hakueleza kwa mpango, alirukaruka. Alisema sakafu ya moto ina joto upande mmoja tu, na upande huo ni wa mwenye nyumba, na yeye alikuwa mwenye nyumba. Alisema enzi zile anafanya kazi mgodini, akichelewa, mkewe alikuwa anamfungia wali kwenye bakuli la shaba lenye kifuniko, analifunika mfarishi, analiweka pale penye joto. Na yeye mwenyewe mke anakwenda kulala kule ukutani, maji kwenye kopo yanaganda karibu na kichwa chake. Maisha yao yote hivyo. Hakulalamika, na yeye hakuuliza.

Akasema alipopelekwa ile nyumba ya majaribio alikwenda na bakuli lile. Nia yake ilikuwa kumpata binti na kosa. Akapika wali, akaufunga, akauweka kona ya mbali kabisa, pale mke angelala, akangoja upoe amcheke mtu.

"Asubuhi nimefungua, mvuke," akasema. "Nikajilaza hapohapo kwenye kona. Mgongo wote ukapata moto. Ndiyo nikasema pamepoa." Akavuta pumzi. "Sikuwa naongea na ninyi."

Mzee alikuwa anakaribia kukaa, makalio yameshagusa kiti, akainuka tena.

"Na ile siku haikuwa pombe, Bang. Ilikuwa sakafu yangu. Mtoto alinitoa kama maiti."

Bang akamtazama, mdomo wazi, halafu akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, mkono ukapita kichwani bure.

Tak alikaa chini. Hakubishana tena. Aliuliza moja tu, lile lile la nyaya, na safari hii bila mzaha, na Se-ryeong akakubali iandikwe kwamba kila kitongoji cha juu kiwe na chumba kimoja chenye umeme wa akiba, watu wapate pa kukimbilia. Bibi Pyo naye akasimamia lake: sufuria ya uani ya kuchemshia maharage ya soya kwa kuni isiguswe na sera ya mtu yeyote, yeye bila soya yake hapigi kura. Hilo nalo likaandikwa.

Mikono ikainuliwa. Wa Tak ulibaki mezani, na wa wengine wawili. Se-ryeong hakuweza kuangalia, alisikia tu Bibi Pyo anahesabu kwa kunong'ona, kisha nyundo ikagonga. Imepita, kwa mkono mmoja.

Nje theluji ilikuwa imeacha. Se-ryeong alitaka kumwambia mzee kitu. Mzee akamtangulia. Akamwambia kesho awaite hao watu wake waje kuvunja, ila lile jiwe kubwa la karibu na moto wasilitupe, atalikalia uani jua likitoka. Kisha akasema ana njaa.

Wakaingia kwenye duka la supu ya mifupa karibu na kituo cha basi. Meza ya pembeni, nani yuko? Tak, peke yake, koti bado mwilini, kainamia bakuli lililokuwa bado linatokota. Hakuwaona. Akachota kijiko, akapuliza kidogo, akameza, macho yakamjaa machozi kwa moto ule, mabega yakashuka.

"Aaah," akasema. "Imepoa."

Mzee Maeng akavuta kiti. "Mwanangu," akamwambia binti, kwa sauti ya kutosha duka zima, "toa simu yako. Diwani analetewa supu baridi hapa."