Ukurasa wa Kumi wa Historia ya Bustani

Jumatano moja Mama Godelieve aliamka na umande ili akang'oe maharagwe yake, akakuta shamba limekuwa bustani ya mji.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Katikati ya shamba kilisimama kibao, rangi bado inanata, kimeandikwa kwa herufi kubwa: BUSTANI YA MJI WA LUHEMBO. Chini ya jina ziliorodheshwa sheria saba, na kando ya sheria saba alisimama Evode, mdogo wa marehemu mume wake, amevaa koti la mvua na filimbi shingoni. Godelieve alimsalimu, akainama, akashika shina la kwanza. Filimbi ikalia.

"Shemeji, tosha mukono kwa maua," Evode alisema, macho yake yakiangalia pembeni.

"Maua gani? We Evode, hii maharagi si wewe mwenyewe ulinisaidia kupanda?"

"Najua, shemeji. Lakini sasa mi niko zamu ya bustani. Sheria ya ine: ni marufuku kung'oa mumea yoyote." Alifuata maneno kwa kidole. "Na ya tano njo kali zaidi: ni marufuku kuwinda tembo."

Godelieve hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini alipogeuka kwenda ofisini alijifuta macho kwa kitenge. Maharagwe yale ya madoa mekundu yalikuwa mbegu ya mama yake. Walipokimbia vita mara ya kwanza, mama aliacha sufuria, akaacha mbuzi, akabeba mbegu. Mara ya pili hivyo hivyo, na mara ya tatu hivyo hivyo. Sasa Luhembo nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na maganda yalikuwa yameshakauka kabisa. Mvua ingeyakuta shambani, yangechipua ndani ya maganda yao na mbegu ingekuwa imekwisha. Na tangu Jumapili mawingu yalikuwa yanazidi kulundikana juu ya vilima vya upande wa Rubaya.

Katibu wa mji, Papa Magloire, alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, tatu zikiwa hazina wino. Alimpa Godelieve kiti kabla hajafungua mdomo, dalili kwamba alijua kosa lake.

"Mama, usikasirike. Hii bustani haiko ya leo. Iko na miaka kumi na moja."

"Iko wapi?"

"Ku rapport."

Ikabidi aeleze. Katibu aliyemtangulia, mwaka ambao hakukuwa na jambo jema la kuandika, aliandika katika ripoti ya mwaka kwamba Luhembo ina bustani na hali yake ni nzuri. Magloire aliirithi pamoja na meza, na hakuwa na moyo wa kuiua. Kila mwaka aliitunza kwa kalamu: akapanda miti, akachimba chemchemi, akaweka benchi. Mwaka juzi aliongeza bata mkubwa mweupe, kwa kuwa alikuwepo kwenye picha aliyoikata katika kalenda ili kuambatanisha. Mwishowe aliandika historia ya bustani, kurasa tisa. Kisha likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ofisi ijengwe: ripoti ilisomwa. Wakubwa wa Goma waliguswa sana, na Jumamosi walikuwa wanakuja kuiona.

Kwa hiyo ilitakiwa ardhi, na upesi. Shamba la Godelieve lilikuwa mahali pekee Luhembo ambapo mtu akiangusha chungwa halifiki bondeni. Sheria za bustani Magloire hakuwa nazo, akanakili zile za msitu mmoja wa huko Walikale, zote, pamoja na tembo.

"Basi futa ile ya ine," Godelieve alisema.

"Nimeisha kupiga kashe." Alisema hivyo akionyesha muhuri mezani, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Kitu ikiisha kupigwa kashe, hata mi sina nguvu juu yake."

Godelieve alimwita majina ambayo Mkristo hapaswi kuyajua. Magloire aliyapokea yote akitikisa kichwa, kisha akamwomba awe mtembezaji wa wageni, kwa kuwa nani anaijua bustani kumshinda yeye? Godelieve alikubali kwa sababu moja tu: mtembezaji aliruhusiwa kuingia.

Kumbe kuingia si kung'oa. Alhamisi alijaribu mara mbili na Ijumaa mara tatu. Evode alipiga filimbi huku machozi yakimtoka, jambo ambalo si rahisi, na kila mara aliomba msamaha.

Wakati huo bustani ilikuwa inatengenezwa. Fundi alileta benchi, na ili likae sawa kwenye mteremko wa ukingoni ilibidi miguu ya nyuma iwe mifupi kama ya kigoda na ya mbele imfikie mtu kifuani. Chemchemi ilikuwa dumu la maji lililofichwa juu ya mti wa avoka, na mpira mwembamba ukishuka hadi kwenye beseni. Bata alitoka kwa jirani, Mama Généreuse. Alikuwa wa kahawia, wakamwogesha kwa sabuni mara nne, akabaki wa kahawia na mwenye hasira.

Jumamosi wageni walingojewa tangu asubuhi. Gari lao lilizama katika matope baada ya Mubambiro, wakafika saa tisa mchana, wakati mawingu yameshateremka hadi kwenye paa la shule. Walikuwa wanaume watano wenye viatu vinavyong'aa, na mkubwa wao, Mama Nadine, mwanamke mfupi asiyesema sana. Walipandishwa kwenye benchi kwa kufuata vyeo, wakakaa miguu ikining'inia. Evode alifungua mpira. Maji yakatoka, kidogo. Wakapiga makofi.

Magloire alianza kusoma historia kutoka ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa wa tatu radi ilinguruma. Godelieve, na kofia yake ya utembezaji, hakusikia neno hata moja. Alikuwa anaangalia mbegu ya mama yake, imesimama pale imekauka, inangoja kuoza.

"Na hii mimea?" Mama Nadine aliuliza.

"Maua ya nadra, Mama," Magloire alijibu haraka. "Haipatikane fasi ingine."

Na hapo, Mungu amsamehe, kwa mara ya kwanza tangu airithi bustani aliwaambia wakubwa kweli.

"Historia yake iko namna gani?"

Magloire alifunua kurasa zote tisa, kwenda na kurudi. Maharagwe hayakuwemo. Akamgeukia mtembezaji.

Godelieve aliangalia wingu, akaangalia ile mikono kumi na miwili iliyokaa bure juu ya magoti, akafungua mdomo.

"Hii maua iko na desturi," alisema. "Kila mwaka, majani ikiisha kukauka, banaita bageni bakubwa kuya kuing'oa. Hapana bantu ya kawaida. Bakubwa! Banatosha viatu, banashika shina kule chini, banang'oa, banakung'uta udongo, banafunga mafungu. Kiisha banabeba ku kichwa mpaka ku nyumba ya heshima."

"Nyumba ya heshima iko wapi?"

"Ile ya mabati, kule chini, yenye kutoa moshi."

Lilikuwa jiko lake. Evode alilitambua, akapeleka filimbi mdomoni. Mmoja wa wanaume aliuliza kama desturi hiyo imeandikwa. Wote wakamtazama Magloire, na Godelieve pia akamtazama. Hakumtisha wala hakumkonyeza. Alimtazama tu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Magloire alifunga kurasa zake.

"Imeandikwa," alisema. "Ukurasa wa kumi."

"Lakini sheria ya ine..." Evode alianza.

"Historia njo mukubwa wa sheria! Weka ile filimbi mu mufuko!"

Basi wakubwa wa Goma walishuka benchini, mmoja mmoja, kwa kushikana, wakaingia shambani. Mmoja aling'oa majani akaacha shina, akafundishwa. Mwingine alikunja tai yake ikawa ngata. Wawili walianza kushindana nani amefunga mafungu mengi, na ikabidi Magloire awaamue. Evode mwenyewe aliweka filimbi mfukoni akang'oa kuliko wote, kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. Katikati ya pilikapilika Godelieve aliona jambo: Mama Nadine alikuwa amevua viatu kabla ya wengine, akashika shina chini kabisa, akapiga mizizi kwenye muundi wake mara mbili, udongo ukaanguka. Hakuna aliyemwonyesha. Lakini wingu lilikuwa kichwani na hakukuwa na nafasi ya kushangaa.

Fungu la mwisho lilipovuka kizingiti, mvua ilishuka yote kwa mara moja. Walijazana jikoni, wameloa, wamechafuka, wanacheka. Bata naye aliingia, akamuuma aliyemkaribia. Magloire alipitisha daftari la wageni wakatia sahihi, kisha mvua ilipopungua wanaume wakakimbilia garini.

Mama Nadine alibaki mlangoni. Alimsogelea Godelieve.

"Mama, mi kwetu ni Ntoto," alisema polepole. "Maharagi hatung'oake saa tisa ya muchana. Tunang'oaka asubuhi, na umande, ili maganda isipasuke."

Godelieve alivua kofia ya utembezaji.

"Mwaka kesho mutuite asubuhi," Mama Nadine aliendelea. Kisha alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na punje saba za madoa mekundu, alizookota chini. "Ya mama yangu ilikuwa ya namna hii hii. Tulikimbia, ikapotea. Sijaiona tena tangu ile siku. Naomba nibebe hizi."

Godelieve alivunja maganda ya fungu lililokuwa karibu, akajaza kiganja, akajaza tena, akatafuta kitu cha kufungia. Magloire, bila kuombwa, alichana ukurasa wa kwanza wa historia akampa. Godelieve akazifunga mbegu humo vizuri, akamwekea Mama Nadine mkononi.

"Panda kwa mustari," alimwambia, "na usikubali muntu alete kibao."