Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Polisi aliyeingia dukani kwangu alikuwa na karatasi yenye mchoro, na mchoro ule ulikuwa wa mshono wa mkono wa mama yangu.

Yeye hakujua hivyo. Alikuwa ameshazunguka kwa madobi sita tangu asubuhi, na alipoiweka karatasi juu ya meza ya kupigia pasi alikuwa na sura ya mtu anayeomba aambiwe hapana aende zake.

"Dada, hii alama unaijua? Imeshonwa kwa uzi mwekundu, ndani ya kola ya shati. Mwenye shati yuko mochwari. Hana kitambulisho, hana simu. Amegongwa na gari Jumapili, gari halikusimama, na uso umeumia vibaya."

Mishono miwili inayokatana, na mmoja umelala chini yake. Mama hakujua kusoma wala kuandika, lakini katika miaka thelathini ya udobi hakupoteza hata soksi ya mtu. Kila mteja alikuwa na rangi yake na mishono yake. Nesi alikuwa kijani, mitatu. Fundi saa bluu, mmoja mrefu. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kuridhika na pasi ya mtu yeyote, alikuwa njano, na Mama alimshonea mshono uliopinda makusudi. Nyekundu haikuwa ya mteja. Nyekundu ilikuwa yetu ya nyumbani. Baba mmoja, mimi miwili, na hiyo iliyokuwa mezani ilikuwa ya mdogo wangu, aliyeondoka akiwa na miaka ishirini kwenda kutafuta maisha. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Wa pili alipiga mara mbili. Baada ya hapo kimya, miaka kumi na miwili.

Sitajifanya mwema. Nilipoiona ile alama, kitu cha kwanza kunijia hakikuwa kilio. Nilisema moyoni, afadhali. Nikaona haya, lakini sikuweza kulirudisha.

Nitaeleza kwa nini. Nyuma ya duka kuna chumba, na ndani ya chumba amelala baba yangu. Miguu imevimba, macho yamefunikwa na ukungu, na daktari ameshaniambia nimrudishe nyumbani, maana yake unaijua. Kila asubuhi, kabla hata sijampa maji ya kunawa, huniuliza, "Hajapiga?" Nami hujibu, "Hajapiga, Baba." Ameniambia wazi kwamba hafi kabla ya kujua mwanawe amelala wapi. Anayasubiri hayo kwa ukaidi, na maumivu yanamla huku anasubiri. Nilitaka kumpa jibu, lolote lile.

Mhudumu wa mochwari alikuwa mwanamume mpole aliyevaa buti za mpira. Aliniambia ni yeye aliyeuona uzi, kwa sababu shangazi yake naye alikuwa dobi. "Nikawaambia polisi, huyu ana mtu wake. Mtu asiye na mtu wake hashonewi alama." Kisha akashusha sauti. "Ijumaa halmashauri wanawazika wasiotambuliwa. Wanne wanne, shimo moja. Nisingependa."

Akafunua.

Uso haukuwa wa kutazama. Nikaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Mdogo wangu alikuwa na kovu juu kidogo ya kiwiko, ncha ya pasi ya mkaa, na aliyemtia kovu hilo ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano, tulikuwa tunagombania nani akae karibu na Mama. Kovu la namna ile halifutiki, lilikua pamoja naye.

Mkono ulikuwa safi. Niliugeuza, nikatazama tena. Hakukuwa na kitu, isipokuwa sugu nene ndani ya vidole, mstari mmoja ulionyooka kama aliyeshika waya maisha yake yote. Kifua kilikuwa kipana kuliko cha mdogo wangu.

"Ndiye?" mhudumu akauliza.

Nikamfikiria Baba.

"Ndiye," nikasema. Nikatia sahihi pale aliponionyesha, mbele ya neno ndugu. Akanipa shati ndani ya mfuko, nami sikuufungua. Njiani nilijiambia sijamdhulumu mtu. Marehemu atapata kaburi lake peke yake, mzee atapata kumzika mwanawe, na mimi nitabeba uongo wangu mwenyewe. Nilivyoupanga ulikaa vizuri kabisa.

Nilipofika, Baba alikuwa ameshajiinua, ameegemea ukuta, maana alimsikia polisi kutoka chumbani.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Baba."

"Kovu umeliona?"

"Nimeliona."

Machozi yakamtoka bila sauti, yakashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. "Asante, mwanangu," akasema. "Umenipumzisha." Katika miaka yangu yote thelathini na minane baba yangu hakuwahi kunishukuru. Hakuwa mtu mbaya, hakuwa na mdomo huo tu. Na ile asante niliyoipata sasa nilikuwa nimeiiba.

"Nipe shati nilishike."

Nikampa. Alilipapasa taratibu. Akaanza na kola, akakuta mishono, akatabasamu. Akashuka mabegani, akashuka vifungo, akaenda ubavuni, na hapo vidole vikasimama. Akarudi upande wa pili. Vikasimama tena.

"Hili limepanuliwa."

Nikatazama kwa mara ya kwanza. Kweli, kila ubavu ulikuwa umetiwa kipande cha kitambaa, chembamba, kimeshonwa kwa mkono. Mimi dobi, natambua shati la mtu kabla ya uso wake, nilitoka nalo mochwari hadi nyumbani bila kuliangalia.

"Hicho ni kitambaa cha foronya," Baba akasema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa, mama yako ameketi pale, anashona. Mwanangu, huyu si ndugu yako. Mbona unanidanganya?"

Nilikaa chini sakafuni.

"Huyu ni Ndoo," akasema.

Ndoo. Kabla ya bomba kufika mtaani kwetu, tulikuwa na mtu wa kutuletea maji kila alfajiri, ndoo nne kabla hatujawasha moto wa pasi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Ndoo, na yeye aliitika. Alikuwa akigonga mlango na kusema, "Maji hayo," na Mama alikuwa akijibu kwa maneno mengi sana kwa saa kama ile, ameamkaje, amelala wapi, amekula nini, mpaka mimi nikawa nagongesha pasi makusudi ili wamalize. Mimi sikuwahi kumjibu. Nilikuwa na kazi.

"Ile siku mama yako alipoanguka kwenye kamba za nguo," Baba akaendelea, "wewe ulikuwa umepeleka mashuka ya nyumba ya wageni. Mimi na miguu yangu hii. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Ndoo akamwaga maji yake pale pale, akamtia mama yako mgongoni, akaenda naye mpaka hospitali kwa miguu. Njiani mama yako alimtapikia damu, shati lake lote."

"Niliambiwa ni majirani."

"Majirani walikuja kutazama."

Akavuta pumzi, akangoja ikae. "Mama yako aliporudi nyumbani akafungua sanduku, akatoa shati moja aliloliacha mdogo wako. Akalipanua, maana Ndoo ana kifua. Nikamwambia toa basi ile alama nyekundu, mpe yake. Akasema iache. Akasema, huyu amenibeba vile mwanangu angenibeba. Ndoo naye alilishika shati, akasema atalivaa siku ya maana."

Sasa niseme la kwangu, ingawa linaniumiza. Shati lile nililitafuta mimi. Nililikosa sandukuni wiki hiyo hiyo na nikamwakia Mama, mgonjwa, amelala hapo alipolala Baba sasa. Nilimwambia ameshakata tamaa, ameshamzika mtoto wake akiwa hai, anagawa nguo zake kama za maiti. Alinijibu kwa upole tu, "Shati ni la kuvaliwa, mama." Nikanuna. Nilimpa dawa, nikampa uji, nikamgeuza ubavu, na mdomo wangu nikaufunga. Mama aliishi miezi minne baada ya kuanguka. Miezi hiyo minne Ndoo ndiye aliyetupatia, mgongoni kwake. Mimi niliimaliza kwa kununa.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ulikuwa huulizi. Ulikuwa unafoka."

"Jina lake nani? Jina la kweli?"

Vidole vyake vikarudi kwenye kola. "Mama yako alilijua. Alikuwa akimwita nalo. Nimelisikia kila siku, mwanangu, na nimelisahau."

Kulikuwa na jingine ambalo Baba hakulijua. Mwezi mmoja baada ya kumzika Mama, bomba lilifika. Ndoo aligonga alfajiri kama kawaida, nami nikafungua mlango na kumwambia, "Maji tunayo sasa. Usije tena." Alisimama pale na ndoo zake. Moja ilikuwa nyekundu, mpini wa waya. Nyingine ya bluu, ina ufa uliozibwa kwa sabuni. Akasema, "Haya, dada. Haya ya leo nishayaleta." Akaingia, akayamimina kwenye pipa, akatoka. Ndoo zake nazikumbuka mpaka ule ufa. Uso nimeutafuta kichwani siku nzima na sijaupata. Hata mochwari, kama gari lingeuacha mzima, nisingeutambua.

Kesho yake, Alhamisi, nilirudi.

"Nilidanganya," nikamwambia mhudumu. "Si mdogo wangu."

"Dada, hapa watu huja kukana ndugu zao, nimezoea. Wewe jana umekubali mtu, leo unamkana?"

"Simkani. Nimekuja kumchukua. Ila andika sawa."

Akatoa fomu nyingine, akashika kalamu. "Jina?"

"Ndoo."

"Hilo si jina la mtu."

"Ndilo nililo nalo."

Akaandika. "Wewe ni nani wake?"

"Alimbeba mama yangu."

"Hapa hakuna nafasi ya hiyo. Kuna mke, mtoto, mzazi, ndugu, jirani."

Nilikumbuka uzi mwekundu ambao Mama alikataa kuutoa. "Andika ndugu."

"Si umesema sio?"

"Andika tu, kaka."

Kuna kitu kilibaki. Shati lilikuwa na damu, na mimi simziki mtu katika shati chafu. Jambo la kwanza Mama alilonifundisha katika kazi hii ni kwamba damu haitoki kwa maji ya moto, maji ya moto huipika ikabaki. Inataka maji baridi na chumvi na subira. Maji ya bomba yalikuwa ya moto, jua lilikuwa limeyachemsha. Nikachukua ndoo mbili, nikauliza kisima kiko wapi. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuuliza.

Kiko mbali. Unashuka bondeni, unapita nyuma ya ukuta wa kiwanda, unavuka mtaro kwa ubao mmoja, halafu unarudi hivyo hivyo kwa kupanda na mikono imejaa. Nilipumzika mara tano. Waya ulinikata vidole ndani, pale pale palipokuwa na ule mstari wake. Nilipofika nyumbani ndoo zilikuwa nusu, na hizo zilikuwa mbili. Yeye alileta nne, kwetu tu, kisha akaenda nyumba nyingine.

Nililoweka, nikafikicha, nikabadilisha maji. Doa lilififia lakini halikutoka lote, lilibaki kama la chai chini ya mfuko. Nikapiga pasi, mikunjo ya mikono ikasimama. Alama sikuigusa.

Tulimzika Ijumaa asubuhi, peke yake, katika kaburi lake. Tulikuwa mimi, mhudumu aliyeomba ruhusa kazini, na wachimbaji wawili. Mtaa niliuarifu, na wote walisema maskini, yule wa maji. Hakuna aliyejua jina. Hakuna aliyejua siku ile alivaa shati lake la maana akienda wapi. Nilipoambiwa nitupe udongo nilisema "asante," kwa sauti ya kusikika, na nikajiona mjinga, kwa sababu miaka yote alisimama mlangoni kwangu ana masikio.

Jumamosi Baba aliamka kabla yangu.

"Hajapiga?" akauliza.

"Hajapiga, Baba."

Akageukia ukutani. Nilikwenda uani kumchukulia maji ya kunawa, nikafungua bomba. Yalitoka mara moja, mengi, wala hakuna mtu aliyegonga mlango.