Mkwe Nyuma ya Kioo

Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu tuoane hajawahi kumpima mwanamke. Mteja wa kike akiingia dukani, nampima mimi, nataja namba kwa sauti, naye anaandika akiwa ameupa ukuta uso. Mtaani wanamwita Bwana Haya. Nilizoea kucheka pamoja nao, na natamani ningelikumbuka jina hilo siku tuliyokwenda hospitali.

Yote yalianza na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani. Kiatu kilimbana, ngozi ikachubuka, basi. Kisukari anacho siku nyingi, kwa hiyo kidonda kilipakwa kila dawa na kikakataa kupona. Mkwe wetu, mke wa mwanetu mkubwa, anaendesha mashine za picha hospitali ya rufaa. Alipokitazama hakutaka maneno mengi.

"Baba, hiki si cha kupakapaka dawa. Kesho tunaondoka wote."

Huko hospitali, kijana mmoja alimpitishia Fundi kifaa cha ultrasaundi mguuni, na tukawa tunasikia damu inavyokwenda. Pajani ilivuma vizuri. Chini ya goti ilikuwa inanong'ona tu. Wakamwingiza kwenye mashine kubwa ya duara, wakampa dawa ya kuonyesha mishipa, kisha daktari akatugeuzia skrini. Mshipa ulishuka pajani mnene, mara ukakatika, kama uzi uliokatikia katikati ya mshono.

"Hatupasui mtu," daktari alisema. "Tunaingiza sindano hapa kwenye kinena, tunapitisha waya mwembamba huku tunautazama kwenye skrini. Tukifika palipoziba tunajaza puto dogo, njia inafunguka. Kesho yake unarudi kwako. Lakini usichelewe, Mzee. Hicho kidole kikigeuka cheusi, hiyo ni habari nyingine."

Fundi aliuliza swali moja. "Mle ndani mnakuwa akina nani?"

"Mimi, nesi, na mtu wa mashine. Na bahati yako nzuri, mtu wa mashine ni mkweo mwenyewe. Utakuwa nyumbani kabisa."

Nilimwona akimeza mate. Nikajua anaogopa sindano.

Basi zikaanza danadana. Kwanza sare za shule, wazazi wanamsubiri. Zikaisha sare, ikaja suti ya bwana harusi. Ikaisha suti, akasema baridi ikipungua atakwenda. Mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo nilimtolea uvivu mbele ya wateja.

"Umeshika sindano tangu ujana wako, leo moja tu inakutoa jasho?"

"Basi mimi mwoga," alisema bila kuinua macho. "Niache na uoga wangu."

Mkwe naye alikuwa anapiga simu kila mara. "Mama, Baba anakuja lini? Nimemwombea nafasi kwenye zamu yangu, nimsimamie mwenyewe." Nilizipeleka habari hizo dukani kwa furaha, nikidhani namtia moyo. Nilimwambia kwamba mkwe wake hataki mtu mwingine amguse. Fundi alihamishia mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, akaendelea kushona.

Kidole kikawa cheusi, kisha cha pili, kisha wayo. Mwanangu alipombeba kumpeleka alikuwa anaweweseka kwa homa. Walipiga picha upya, na safari hii daktari aliirudia kuitazama kabla ya kutugeuzia. Hata vimishipa vya pembeni vilivyokuwa vinasaidia kupitisha damu havikuonekana tena.

"Puto halina pa kwenda sasa," alisema. "Tunaokoa mtu. Mguu umeshakwenda."

Waliukata juu ya goti.

Homa ilipomwacha, nilikaa kando ya kitanda chake wodini. Alikuwa ameutazama ukuta, na aliongea na ukuta huo huo.

"Ningelalaje pale uchi, mke wa mwanangu amenisimamia?"

Nilitoka, nikamkuta mkwe kwenye benchi la korido, bado kavaa sare, nikamweleza. Alishika kichwa.

"Mama, mimi nakaa nyuma ya kioo," alisema. "Mgonjwa anafunikwa mashuka mpaka shingoni, linaachwa tundu la sindano tu, na hilo analiona daktari. Mimi ninachokiona ni mshipa kwenye skrini. Angesema neno moja tu, ningebadilishana zamu na mwenzangu." Akaanza kulia. "Nilijua namfanyia hisani."

Mimi ndiye niliyelala na mtu huyu maisha yangu yote. Nilimjua kuliko daktari na kuliko mashine zao zote, na nilichoona ni uoga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipomtoa hospitali, nesi alituonyesha bendeji ya kukaza kigutu ili kisivimbe, wakati Fundi anasubiri mguu wa bandia. Lazima ipande mpaka kwenye kinena, izunguke kiuno, na ivutwe kwelikweli. Vidole vyangu vimekakamaa siku hizi, havivuti kitu. Mwanangu kazi yake ni ya safarini. Kwa hiyo mkwe hupitia kwetu kila asubuhi akielekea kazini. Anabisha hodi, anaamkia, ananawa mikono, anafunga mlango.

Leo ilibidi kigutu kipimwe, ijulikane kama uvimbe umeshuka. Mkwe alichukua utepe wa Fundi mwenyewe, akauzungusha juu kabisa ya paja, akataja namba kwa sauti.

Fundi aliiandika akiwa ameupa ukuta uso.