Vichupa vya Saa 2 na Saa 8

Nyumbani walimwita Mchwa tangu akiwa mdogo, kwa sababu akianza kutafuna jambo haachi mpaka atokee upande wa pili. Jina hilo alipewa na bibi yake. Alipokuwa mwanafunzi wa utafiti likamfuata hadi maabara, likakaa huko kama lina mkataba.

Ijumaa asubuhi alikuta ujumbe kwenye kompyuta yake. Ulitoka kwa wasimamizi wa hifadhidata ya mtandaoni, ghala ambamo maabara za nchi nyingi huweka data zao ili yeyote, popote alipo, azifungue, azione kama ramani na kuzilinganisha. Ramani ya Mchwa ilikuwa humo tangu mwezi uliopita. Ilionyesha jinsi seli za ngozi zinavyonakili DNA yao kabla ya kugawanyika. Seli hainakili yote kwa mpigo. Ziko sehemu zinazotangulia na ziko zinazochelewa, kama nyumba yenye watu wanaoamka alfajiri na wengine mpaka wavutwe shuka. Kwenye ramani, waliotangulia ni vilima, waliochelewa ni mabonde.

Chini ya ramani hiyo mtafiti mmoja wa mbali alikuwa ameandika: "Hii iko kichwa chini miguu juu. Jeni zinazojulikana kuwa hutangulia ziko mabondeni. Naomba iondolewe isije ikapotosha watu."

Wasimamizi wakaongeza lao: mwenye ramani asipoeleza kosa kwa ushahidi kufikia Jumatatu, wataiondoa.

Mchwa alisoma mara ya pili, kisha akaegemea kiti. Ramani hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake yote. Seli alizozisoma zilikuwa zimekwisha. Kwenye friza kulibaki matone ya kupimia tu, yasiyotosha kusomwa upya. Ikiondolewa, itabidi aanze tena kutoka mwanzo, na hakuna aliyemwahidi mwanzo mwingine.

"Si ugeuze tu?" alisema Kamusi kutoka meza ya jirani. "Vilima viwe mabonde, na mabonde viwe vilima."

"Yawe vilima."

"Yawe. Asante." Kamusi akaliandika neno hilo kwenye kiganja. Alikuwa mtafiti mwenzake, kijana aliyetoka nchi ya mbali na kujifunza Kiswahili ukubwani, tena kwa bidii. Neno geni halikumpita bila kulishika mkia, ndiyo maana wakamwita hivyo.

Profesa wao, mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi ili asiisahau, alikuwa amesimama mlangoni akisikia.

"Kugeuza ni kazi ndogo, mwanangu," alisema. "Hata godoro hugeuzwa. Lakini ukigeuza ili tu ifanane na za wengine, hiyo si ramani, ni kuomba radhi kwa rangi. Niambie kwa nini imegeuka. Ukiweza hilo, nitasimama na wewe mpaka mwisho."

"Nitajua," alisema Mchwa.

"Najua utajua. Ila ule kwanza," akamwachia ndizi juu ya meza, akaenda zake.

Mchwa akaanza kutafuna. Alipitia kila hatua ya hesabu zake, mstari baada ya mstari. Akakokotoa upya kila kinachoweza kukokotolewa. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomuumiza, maana kosa linaloonekana huwa na pa kushikwa. Hatua moja tu hakuifanya kwa mkono wake, nayo ilikuwa kupakia kwenye hifadhidata mafaili mawili, la seli alizochukua asubuhi zikianza kunakili na la zile za mchana zikikaribia kumaliza, kila moja likiwa na namba ya kichupa chake. Wiki ile bibi yake alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na Mchwa akawa hospitalini. Kamusi alijitolea kumpakilia ili nafasi isimpite, na jioni akapita wodini na mto mwororo chini ya kwapa, akasema kiti cha wageni pale ni adui wa mgongo. Mchwa alipotoka hospitali aliona ramani imefunguka, akashukuru, akaishia hapo. Wema wa mtu haukaguliwi kama mizigo forodhani.

Jumamosi, hata hivyo, alijikaza akamuuliza. Hifadhidata ilikuwa imebadili majina ya mafaili kuwa misimbo yake mirefu, kwa hiyo kwa macho tu hakuweza kujua lipi ni lipi.

"Kamusi, usinielewe vibaya. Uliweka lipi la kwanza?"

"La asubuhi kwanza, la mchana baadaye," alijibu bila kusita. "Nilifuata saa ulizoandika kwenye vichupa."

Jibu lilikuwa safi. Mchwa akaona aibu hata kwa kuuliza.

Jumapili, akiwa nyumbani anapiga mswaki, alisikia hodi. Bibi yake alikuwa tayari sebuleni, amejishikilia kwenye fremu yake ya kutembelea, ambayo aliiita "bwana harusi" kwa sababu haimwachi popote aendapo.

"Nani huyo, na jua lenyewe halijanawa uso?"

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo." Kamusi alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, mfuko wa machungwa mkononi.

"Marahaba, baba. Kuna msiba?"

"Hapana, Bibi. Nimekuja kula."

"Kula nini, na sufuria zangu bado zimelala?"

Kamusi akatoa simu akamwonyesha ujumbe alioutuma Bibi mwenyewe: Karibu chakula Jumapili saa 8. "Na mimi nimefika saa 8. Hata nilikimbia kidogo."

Bibi aliangalia simu, akamwangalia mgeni, kisha akacheka hadi akalazimika kukaa. "Baba wee! Hiyo ni saa nane ya jua kichwani. Sasa hivi ni saa mbili asubuhi. Umekuja kunitandikia kitanda?"

Kamusi akajipiga paji la uso. "Lo! Nikisikia 'saa nane', Bibi, najua kabisa. Lakini nikiona namba, macho yangu yanakimbilia kwetu. Kwetu nane ni hii ya sasa hivi, na mbili ndiyo ya mchana."

Mchwa alikuwa ametokea mlango wa bafuni, povu mdomoni. Akasimama hapo hapo. Akaenda kutema, akarudi.

"Kamusi. Vichupa vyangu viliandikwa 2 na 8."

"Ndiyo."

"Cha asubuhi ulisema ni kipi?"

"Cha nane," alisema Kamusi, bado anatabasamu.

"Na cha mchana?"

"Cha mbi..." Tabasamu likamtoka. Akakaa kwenye kizingiti, machungwa miguuni. "Nimekuua."

"Hujaniua. Simama twende."

"Hata chai?" aliuliza Bibi.

"Tutarudi, Bibi. Saa nane yako."

Njiani Kamusi alitembea mbele, karibu akimbie. Mchwa naye alikuwa anawaza. Maneno ya kizingitini si ushahidi. Wasimamizi wangeweza kusema ni hadithi iliyotungwa baada ya kubanwa. Lakini seli yenyewe haijui saa ya mtu yeyote. Seli inayoanza kunakili ina DNA yake ya kawaida, na inayokaribia kumaliza ina karibu mara mbili. Ukiitia rangi inayoshika DNA, iliyochelewa itang'aa zaidi. Yale matone ya kwenye friza yangetosha kupima mara moja, na wakikosea basi tena.

Maabara ilikuwa tupu, friza zikinguruma. Mchwa alitoa vichupa viwili, akavifuta barafu. Namba 2. Namba 8. Mwandiko wake mwenyewe, bila neno "asubuhi" wala "mchana". Alimpa Kamusi kimoja.

"Kimimine wewe."

"Naogopa kukosea tena."

"Ndiyo maana nakupa cha pili. Nitamimina cha kwanza, utazame, kisha wewe."

Walizitia seli rangi, wakazipitisha kwenye mashine ya kupima mng'ao, kichupa baada ya kichupa. Za kichupa cha 2 zilirundikana upande wa mng'ao mdogo. Za kichupa cha 8 zikapanda, zikaenda kukaa upande wa pili, karibu maradufu. Hapakuwa na la kubishia. Kichupa cha 8 ndicho kilichochelewa, na kwenye hifadhidata faili lake lilikuwa limewekwa mbele.

Mchwa akafungua fomu ya marekebisho. Akaambatanisha vipimo. Penye nafasi ya sababu ya kosa akasita.

"Andika jina langu," alisema Kamusi. "Ni kosa langu."

Mchwa akaandika, naye Kamusi akisoma begani mwake: "Saa zetu huhesabiwa kuanzia macheo, zikasomwa kama zinaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Mmoja aliandika bila kueleza, mwingine akasoma bila kuuliza. Kosa ni la wote wawili." Chini yake akaweka majina mawili, la kwake likitangulia.

Jumatatu ramani ilikuwa bado ipo, vilima mahali pa vilima. Yule mtafiti wa mbali alikuwa amefuta malalamiko yake na kuandika kwamba vipimo vimemtosha kabisa. Wasimamizi nao waliongeza swali moja dogo kwenye fomu yao ya kupakia: saa zako zinaanza kuhesabiwa lini? Profesa alisoma yote, akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akasema, "Kupotea njia ndiyo kujua njia. Sasa andika tasnifu."

Lakini hiyo ni Jumatatu. Jumapili yenyewe walirudi wamechelewa, jua limeshainama. Bibi alikuwa amefunika sahani mbili, na ya Kamusi ndiyo iliyojaa zaidi. Hakuuliza walichelewa wapi. Alisogeza kiti kwa ncha ya fremu yake.

"Kaa, baba. Mimi nina kosa pia, sikuandika mchana."

"Hapana, Bibi, mimi ndiye..."

"Kula. Mtu hajitetei na tonge mkononi."

Wiki iliyofuata ujumbe wa Bibi ulimkuta Kamusi maabara, akambandikia Mchwa simu usoni, wakacheka wote: Jumapili saa 8, jua kichwani. Ukija asubuhi utafua mapazia.